Breki za Nyuma na Mkono wa Kushoto

Siku breki zilipotukatalia, tulikuwa tunatoka hospitali. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mume wangu kando yangu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya taulo ndogo mapajani mwake, kama ulivyokuwa ukilala tangu ugonjwa umpate. Tulikwisha kupita katikati ya mji, sasa tunateremka kuelekea mtaa wa Kikula. Mbele yetu lori likapunguza mwendo. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka mpaka chini bila kukutana na kitu, kama mguu unaotafuta ngazi ambayo haipo.

Nikakanyaga tena. Nikapata nguvu kidogo, ikaisha papo hapo. Matako ya lile lori yalikuwa yanakuja.

"Première!" mume wangu akapiga kelele. "Tia première!"

Nikairudisha gia mpaka ya kwanza, injini ikanguruma kama inayotaka kutoka mahali pake. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, nikaelekeza pua ya gari kwenye lundo la mchanga ambalo mtu alikuwa amemwagiwa mbele ya kiwanja chake ili ajenge. Tukaingia mchangani. Tukasimama. Mama mmoja aliyekuwa anauza makala, makaa ya kupikia, pale kando akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Yesu na Maria!" kisha akarudi kupanga mafungu yake.

Sikuweza kuachia usukani. Vidole vyangu vilikuwa vimegandia pale. Ndipo nikatambua kilichotokea. Mume wangu alikuwa amepiga kelele.

Kwa miezi mingi maneno yake yalikuwa makombo tu. "Ndiyo." "Apana." "Maji." Kule hospitali, mama aliyekuwa anamnyoosha viungo alimwomba ataje siku za juma, moja baada ya nyingine, ili ulimi upate mazoezi. Yeye alikuwa anatazama dirisha kama mtu aliyetukanwa. Na sasa alikuwa amenitupia maneno mazima sikioni. Nikamgeukia. Alikuwa anahema, macho kwenye kioo cha mbele kilichojaa vumbi la mchanga. Akasema polepole, akilivuta kila neno kama ndoo kutoka kisimani:

"Ni silinda. Ya nyuma."

Nikacheka. Kisha nikalia. Niliweka kichwa juu ya usukani, honi ikalia pamoja nami, na yule mama wa makala akageuka tena kututazama.

*

Mume wangu ni mtu wa magari. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba hapa Likasi, baba yake akazaliwa hapa na kufanya kazi kiwandani, na mume wangu akaingia gereji ya kampuni ya madini angali kijana, akawa fundi wa malori makubwa. Mimi ni mtoto wa hapa hapa. Baba yangu alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha umeme cha Koni, na tangu utotoni nilifua maovaroli yake yaliyojaa grisi, kwa hiyo harufu ya mafuta ya mashine kwangu ni harufu ya mwanaume aliyerudi nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa akisema Kiluba cha kwao mpaka siku yake ya mwisho. Mara ya kwanza niliyoletwa kwake alinipokea mlangoni kwa neno moja: "Moyo!" Nilidhani anauliza habari za moyo wangu, nami nikajibu kwamba unadunda sana, mama. Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Kumbe kwao ni salamu tu.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani yangu barazani, na nguo za harusi na za kwaya zimenilisha miaka yote ambayo kazi ya gereji ilikuwa inapanda na kushuka. Kampuni ilipopunguza watu, mume wangu alileta vifaa vyake nyumbani, na ua wetu ukawa gereji. Mimi nashona mbele, yeye anagonga nyuma. Ndivyo tulivyoishi.

Kisha asubuhi moja, akiwa anajifunga viatu aende misa, alianguka upande. Tension, tunavyosema huku. Damu ilipanda mpaka kichwani. Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mguu wa kulia unaburuta, na ulimi mzito. Wateja walikuja, wakampa pole, wakapeleka magari yao kwingine. Yeye alijiwekea kiti mlangoni, mgongo umeelekea ua. Hakutaka hata kuliona gari letu. Vifaa vyake nilivifunika kwa turubai, na kila nilipopita pale nilihisi kama nimefunika maiti.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nililia juu ya usukani.

*

Vijana wa mtaani walitusukuma mpaka nyumbani. Jirani yetu mmoja, naye fundi, mtu mwema mwenye kazi nyingi, alikuja jioni ile, akalala chini akachungulia kwa tochi ya simu. Akainuka akijipangusa magoti.

"Mama, silinda zote mbili za nyuma zinavuja," alisema. "Na ile bomba iko na kutu mubaya. Ile nati haitafunguka, itavunjika tu. Tufunge bomba ya nyuma kabisa. Utatembeza na breki ya mbele."

Alikuwa anataka kutusaidia. Magari mengi hapa mjini yanatembea hivyo, wenyewe hawajui au wanajua na kumwachia Mungu. Lakini kutoka kwenye kile kiti cha mlangoni sauti ikasikika.

"Apana."

Sote tukageuka. Mume wangu alikuwa amegeuza kiti. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alikuwa anatazama ua.

"Bantu," akasema, akatafuta neno, "banakufaka vile."

Yule jirani, aliyejua ni wangapi wamekufa hivyo, akainamisha kichwa. "Ni kweli, papa," akasema, kama tunavyomwita kila baba huku. Kisha akaniazima jeki yake nzuri, kwa kuwa yetu ilikuwa inateremka yenyewe, akaenda zake.

Wiki ile ile binti yetu alipiga simu kutoka Mulungwishi. Anafundisha kule kwenye shule za misheni, yeye na mume wake, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mjukuu wetu wa kwanza. Nilimpa baba yake simu, akasikiliza kilio cha mtoto, akatikisa kichwa, akanirudishia.

"Tutaenda na taxi," nilimwambia. "Ni mwendo kidogo tu."

Akakunja uso. Najua alichokiona: wanaume wanambeba kama gunia kumpandisha garini, watu wanasogea, wengine wanageuza macho kwa huruma. Alikuwa mtu aliyeinua injini za wengine.

"Na gari yangu," alisema. "Njo nitaenda." Kwa gari lake tu, si vingine.

"Gari yako haina breki, papa."

Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha. Kisha akauelekeza kwenye mkono wangu wa kulia. Mimi najua sindano, mkasi na pasi. Nilikuwa nimempa spana mara elfu, lakini sikuwahi kuifungia kitu.

"Minye siyue ile kazi," nikasema.

"Minye najua," akajibu.

*

Tulianza asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alinikalisha kwanza kama mwanafunzi. Niliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nikainua nyuma kwa jeki ya jirani, nikaingiza magogo mazito chini, na yeye akaligonga kila gogo kwa fimbo yake kabla ya kunikubalia kusogea karibu. Nikatoa magurudumu. Nikagonga ile ngoma ya chuma inayofunika breki, nikagonga kushoto, nikagonga kulia, mpaka ikatoka ghafla mikononi mwangu, nzito kama sufuria ya harusi.

Ndani palikuwa aibu. Vile viatu vya breki, vinavyotanuka ili kuishika ngoma, vilikuwa vimelowa mafuta. Silinda yenyewe, kitu kidogo tu kinachoenea kwenye kiganja, ilikuwa inatoa machozi pande zote mbili. Niliiona nikashangaa. Uzito wote wa gari, sisi ndani yake, na lori lililo mbele, vyote vinategemea kitu kidogo hivi.

"Angaria nyuma," mume wangu akasema.

Nyuma ya sahani ya chuma ndipo bomba lilipoingia kwenye silinda, na pale ndipo ilipokuwa ile nati. Sikuitambua kuwa ni nati. Ilikuwa donge la kutu. Gari letu lilitoka Ulaya, ambako wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi ile ilikuwa imesafiri nalo baharini mpaka huku kwetu, ikaendelea kula polepole katika mvua zetu.

Nikachukua brashi ya waya nikasugua mpaka pembe za nati zikaonekana. Kisha mume wangu akaniagiza nichanganye dizeli na mafuta ya breki, nipake kwa unyoya wa kuku. Nikapaka. Nikashika spana.

"Apana," akasema. "Tunangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka keso."

Na kesho yake tulingoja pia. Kila nilipomaliza kushona shati, nilienda nyuma ya nyumba, nikalala ubavu, nikapaka. Jioni nilipaka tena kabla ya kusonga bukari, ugali wetu. Mume wangu alihamisha kiti chake kutoka mlangoni akakiweka karibu na gurudumu, na nikamwona ananisubiri. Sijui kama mtu mwingine angeona lolote la ajabu katika jambo hilo. Mwanaume amekaa, anatazama kutu. Lakini nilipokuwa nakoroga unga nilikuwa naimba, na mimi siimbi.

Siku ya kufungua ilipofika, aliniwekea spana mkononi yeye mwenyewe, ile yenye mdomo unaokumbatia nati karibu pande zote.

"Kaza kwanza," alisema. "Kidogo. Kisha fungula."

"Nikaze? Si tunataka kufungua?"

"Kutu inapasuka kwanza. Weye kaza."

Nikakaza kidogo sana. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anapovunja mbegu ya boga kwa meno. Nikarudisha. Ikasogea.

"Unasikia namna gani?"

"Inazunguka."

"Na bomba? Inazunguka nayo?"

Nikaweka kidole juu ya bomba, nikajaribu tena. Bomba lilikuwa limetulia. "Apana. Inabaki."

"Endelea. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Usikimbie."

Hilo nililielewa. Ni vile vile unavyotoa uzi uliokwama kwenye cherehani: ukivuta unakatika, ukibembeleza unatoka. Nikabembeleza. Mbele, nyuma, tone la mafuta, mbele, nyuma. Nati ikatoka nzima, na bomba la upande wa kushoto likabaki limening'inia salama. Nilitambaa kutoka chini nikaiinua ile nati kama mtu aliyeokota hereni iliyopotea. Mume wangu aliipokea, akaipitisha kwenye kidole gumba, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaomtii.

Upande wa kulia sikuwa na bahati hiyo. Nilifanya kila kitu sawasawa. Nikakaza kidogo, nikasikia ule mlio, nikarudisha, ikasogea. Nilifurahi upesi mno, nikasahau kuweka kidole kwenye bomba. Nati na bomba vilikuwa vimeshikana kutu, vikazunguka pamoja, na bomba likajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kisha tap, likakatika. Mafuta ya breki yakanimwagikia kifuani na shingoni.

Nikabaki pale chini nimefumba macho. Nilikuwa naogopa. Si hasira yake; hajawahi kunikaripia juu ya kitu. Niliogopa ataondoka. Niliogopa nitasikia mguu ukiburuta kurudi mlangoni, na kiti kugeuzwa.

Nilichosikia ni kicheko. Kilikuwa kicheko kibovu, chenye mikwaruzo, kimekaa bila kutumika. Nikatoka nikamkuta anatikisika juu ya kiti, machozi yanamtoka.

"Unachekea nini?"

"Ile nati," akasema. "Hata minye ningevunja." Akapumua. "Nenda oga. Ile mafuta inakula ngozi."

*

Bomba lililokatika lilikuwa fupi, urefu wa mkono kutoka kiwikoni mpaka vidoleni, likitoka kwenye ekseli mpaka gurudumuni. Sokoni kijana mmoja alinionyesha bomba la shaba la friji, akaapa litakaa vizuri. Nikampigia mume wangu simu, nikamwelezea.

"Shaba apana," akasema. "Leta chuma."

"Papa, tuko Likasi. Shaba ndiyo iko."

"Watu wakule shaba. Breki yangu itakula chuma."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyatoa kwa pumzi moja tangu augue. Nikasimama katikati ya soko nikaishika simu kifuani.

Nililipata bomba kwenye uwanja wa magari mabovu, upande wa barabara ya Buluo. Kulikuwa na gari la aina yetu limelala ubavu ndani ya nyasi, lilikuja kutoka upande wa Zambia na halikuwahi kuonja chumvi ya Ulaya. Mwenye uwanja alitaka kulikata bomba kwa msumeno. Nikamwambia aniachie. Nikatandika kitenge changu chini, nikatoa spana ya mume wangu kwenye mkoba, nikakaza kwanza kidogo. Lilitoka kwa upole, nati zake mbili zikiwa nzima. Yule mwenye uwanja aliniuliza nani kanifundisha. Nikasema, nyumbani. Nikalifunga bomba ndani ya kitambaa cha bitana, nikapanda taxi nimelikumbatia, na mama aliyeketi kando yangu akasogea kidogo ili nisilipinde.

Silinda mpya na viatu vipya jirani alitununulia mjini, kwa kuwa yeye anajua maduka yasiyouza vya bandia. Basi ikabaki kufunga.

Upande wa kushoto nilifunga peke yangu, yeye akinielekeza. Lakini kwa lile bomba jipya la kulia, kila nilipojaribu kuiingiza nati kwenye silinda kwa vidole, ilikaa upande. Meno yake ni madogo sana. Ikiingia vibaya mara moja, inaharibu silinda nzima. Nikajaribu, nikatoa. Nikajaribu, nikatoa.

"Usiguse spana," alisema. "Kwa vidole tu."

"Vidole vyangu vinashika bomba! Nina mikono mingapi?"

Akaweka fimbo chini, akaegemea ubavu wa gari, akaanza kushuka. Nikaruka kumshika. "Weye unafanya nini?" Nikaelewa, nikatandika maboksi yaliyofunguliwa na juu yake gunia, nikamsaidia kukaa, kisha kulala, kisha nikamvuta kwa mabega mpaka akaingia chini. Mimi nikaingia kando yake. Tukalala chali, nyuso zetu zikitazama tumbo la gari, bega kwa bega kama tulivyolala miaka yote.

"Legeza silinda," alisema. "Icheze kidogo."

Nikalegeza boliti zake. Nikalishika bomba kwa mikono miwili, nikalinyoosha liingie sawa. Mkono wake wa kushoto ukapita juu ya uso wangu, ukapapasa, ukaikuta nati. Ule mkono haukuwa mkono wake wa kazi. Vidole vilitafuta, vikateleza, vikatafuta tena.

"Inua kidogo," akasema. "Leta kwako. Apo. Usihame."

Sikuhama. Sidhani hata nilipumua. Nikahisi kwenye bomba, kabla sijaona chochote, nati ikishika njia yake. Ikazunguka mara moja, laini kabisa. Ikazunguka tena.

"Voilà," akasema kwa sauti ndogo. "Njo vile."

Mvua ikaanza. Ilikuja kama inavyokuja huku, bila kubisha hodi, ikapiga juu ya bati la gari hatukuweza kusikia kitu. Maji yakapita kandokando ya gunia letu. Tungeweza kutoka tukakimbilia ndani, lakini yeye hawezi kukimbia, na mimi sikutaka. Tukabaki.

Baadaye mvua ikapungua kidogo, nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua.

"Kwa nini hospitali haukutaka kusema ile masiku ya juma?"

Akafikiri. "Ile ni ya batoto."

"Na siku ile kwenye mchanga? Ile première ilitoka wapi?"

Tone la mafuta likaanguka karibu na sikio langu.

"Niliona weye unaenda kufa," alisema.

Nikaendelea kutazama lile bomba.

"Niliwaza utachoka," akasema tena. "Na muntu ya mukono moja."

Ningeweza kumwambia mengi. Nilikuwa nimeyapanga mengi, usiku kwa usiku, huku namgeuza kitandani. Lakini pale chini hayakuja. Nikauchukua ule mkono wake wa kulia uliokuwa umelala kati yetu, mzito na wa baridi, nikauweka juu ya tumbo langu ili usilowe. Tukasikiliza mvua.

Jirani ndiye aliyetukuta. Aliona miguu minne inatoka chini ya gari, imelowa mpaka magotini.

"Mama!" akaita kwa hofu. "Muko bazima kule chini?"

"Tuko bazima," akajibu mume wangu, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

Kumtoa ilikuwa kazi nyingine. Ilibidi mimi na jirani tulivute lile gunia na yeye juu yake, na alipotoka alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi.

*

Kazi ya mwisho ni kutoa upepo uliobaki ndani ya mabomba, na hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua na kufunga skrubu ndogo, mafuta yanapita kwenye mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa. Tulianza na gurudumu la mbali zaidi na pedali, la nyuma kulia. Mguu wake wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo alikanyaga kwa kushoto, amekaa kwenye kiti cha dereva ambacho hakuwa amekikalia tangu augue. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa natoa amri.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nashikilia."

Nikafungua. Mapovu yakatoka kama ya sabuni. Nikafunga. "Achia!"

"Naachia."

Tulifanya hivyo mpaka mapovu yakaisha na mafuta yakaja safi, rangi ya asali changa. Tukahamia upande wa pili. Kwenye chupa ya juu ya injini nilikuwa naongeza mafuta kila mara, maana alinionya ikikauka tunaanza upya. Mwishoni aliniita nije mimi nikanyage. Nikaketi, nikakanyaga. Pedali ilishuka kidogo, ikasimama. Ilikuwa ngumu, kama ardhi. Nikabaki nimeikanyaga tu, sitaki kuiacha.

Tulijaribu kwanza mtaani, mwendo wa kobe, mimi nakanyaga na yeye anasikiliza. Alinisimamisha, akaniambia nirudi nyuma, nikanyage tena. Akanituma kuchungulia kila nati kama imelia mafuta. Hakuna iliyolia. Siku iliyofuata tukafanya tena. Aliporidhika hakusema ameridhika. Alisema, "Tia mavazi ya mutoto mu gari," yaani zile nguo nilizomshonea mjukuu.

Barabara ya Mulungwishi ina malori mengi ya madini, na kila lilipotokea moja mbele yangu nilikuwa napunguza mapema. Kila nilipokanyaga, gari lilitii bila kuvuta kushoto wala kulia. Mume wangu alikuwa ameweka mkono wa kushoto dirishani. Alitaja vijiji vyote tulivyopita, jina baada ya jina, bila kuombwa na mtu. Mengine aliyakosea, akarudi kuyasahihisha.

Binti yetu alitoka nje na mtoto ndani ya kanga kifuani. Alipomwona baba yake anafungua mlango wa gari, anatanguliza fimbo, anajisukuma na kusimama mwenyewe, alijifunika mdomo. Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto. Binti akaiangalia mikono yangu.

"Mama! Hii ni nini?"

Nilikuwa nimeisugua kwa sabuni na mchanga siku nzima. Bado kila kucha ilikuwa na mstari mweusi, na kwenye kiganja kutu ilikuwa imeingia kwenye mikunjo yote.

"Ni breki," nikasema.

"Nenda unawe tena. Mtoto ana siku chache tu duniani."

Basi aliyempakata mjukuu wetu kwanza alikuwa babu. Walimkalisha kwenye kochi, wakamwekea mto upande wa kulia, mtoto akalazwa kwenye mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa jikoni, nimeinamia beseni, ninasugua vidole kwa majivu. Kupitia mlango nilimsikia anaongea. Alikuwa anamweleza mtoto, polepole, neno baada ya neno, kwamba bibi yake amevunja bomba, na kwamba si kosa lake, ile kutu ilitoka mbali. Mtoto akapiga chafya. Akaanza tena kumweleza tangu mwanzo.